Kuzeeka kwa Seli, Lishe na Mwenendo wa Maisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karibu kila anayeniuliza kuhusu kuzeeka kwa seli hutumia neno "kurudisha": kurudisha ngozi, kurudisha nguvu, kurudisha ujana. Naielewa hamu hiyo. Ila swali ambalo sayansi ina majibu yake ni jingine: uharibifu ndani ya seli unakwenda kwa kasi gani, na katika yale tunayokula na kuyafanya, ni lipi linaloiongeza au kuipunguza kasi hiyo? Majibu haya yanalifuata swali hilo. Mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni zito, mengine ni ya mistari michache tu.

Seli "kuzeeka" maana yake nini?

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Chukua seli za tishu za chini ya ngozi, zilishe kwenye kisahani cha maabara, kisha ziangalie kwa hadubini. Wiki za mwanzo utaziona nyembamba, zimechongoka ncha zote mbili, zimejipanga kuelekea upande mmoja kama samaki wadogo kwenye mkondo wa maji. Kila baada ya siku chache zinajaa kisahani, unazigawa, zinajaa tena. Baada ya miezi kadhaa mambo yanageuka. Moja hapa, nyingine pale, zinatanuka na kulala bapa kama ute wa yai uliomwagika mezani. Utazibadilishia chakula wiki nzima na idadi itabaki ileile. Hazijafa. Zinakula, zinatoa taka, zinashikilia nafasi, lakini hazigawanyiki tena. Hizo ndizo tunazoziita seli zilizozeeka.

Aliyelithibitisha jambo hili ni Leonard Hayflick, akiwa na mwenzake Paul Moorhead, mwaka 1961 huko Philadelphia. Waligundua kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika takriban mara 40 hadi 60, kisha zinasimama. Kabla ya hapo wanasayansi waliamini kwamba seli ikitunzwa vizuri haifikii mwisho, kwa sababu Alexis Carrel alidai kuwa ameziweka hai seli za moyo wa kifaranga tangu mwaka 1912 zisikome kugawanyika. Hakuna aliyefanikiwa kurudia jaribio hilo. Kinachonigusa zaidi katika kazi ya Hayflick ni barafu: alizigandisha seli, akaziyeyusha baadaye, nazo zikaendelea kuhesabu kuanzia pale zilipokuwa zimefikia. Kulikuwa na hesabu ndani yake, na haikuwa hesabu ya siku za kalenda.

Ndani ya mwili, seli iliyozeeka inaleta tabu ya pili. Hainyamazi. Inamwaga kemikali zinazowasha moto wa inflamesheni, yaani ule uvimbe wa ndani kwa ndani ambao kinga ya mwili huutumia kupambana na jeraha au vijidudu. Kwa muda mfupi kemikali hizo zina faida, kwani ndizo zinazoita kinga ije isafishe na kuponya kidonda. Seli hizo zikirundikana kwa miaka, moto hauzimwi, na majirani wenye afya nao wanaanza kuchoka mapema.

Je, seli zote za mwili huzeeka kwa mwendo mmoja?

Hapana. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Utando wa ndani wa utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Seli nyingi za neva za ubongo, kwa upande wake, ni zilezile ulizozaliwa nazo, na kiini cha lenzi ya jicho hakibadilishwi kamwe. Ndiyo maana kuzeeka kwa utumbo ni suala la uwezo wa kuzalisha seli mpya, ilhali kuzeeka kwa ubongo ni suala la kuzitunza zilizopo.

Telomea ni nini, na je, zikiwa fupi nimekaribia mwisho?

Angalia pindo la nguo. Kazi yake ni kuzuia nyuzi zisichomoke, na likifumuka nguo nzima inaanza kuraruka. Telomea ni pindo la kila kromosomu, yaani uzi wa DNA unaobeba jeni zako: herufi sita za DNA, TTAGGG, zilizorudiwa maelfu ya mara. Kila seli inapogawanyika, mtambo unaonakili DNA hauwezi kuifikia ncha kabisa, hivyo kipande kidogo cha pindo hupotea. Pindo likiisha, seli hutafsiri ncha tupu kama DNA iliyokatika, nayo hufunga breki. Hiyo ndiyo hesabu aliyoiona Hayflick bila kujua ilikuwa wapi.

Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2009 kwa kueleza jinsi telomea zinavyolinda kromosomu, pamoja na kimeng'enya kinachozirefusha, telomerasi, ambacho Greider na Blackburn walikigundua mwaka 1984 kwenye kiumbe kidogo cha seli moja cha majini.

Sasa kuhusu hofu yako. Urefu wa telomea unatofautiana sana kati ya watu wa umri mmoja, na hata ndani ya mtu mmoja hauendi mstari ulionyooka. Mwanaanga Scott Kelly alikaa siku 340 angani, na telomea za seli zake nyeupe za damu zikarefuka. Aliporudi duniani zilifupika haraka sana. Hakuna anayeamini kwamba Kelly alikuwa kijana huko juu na akazeeka alipotua. Telomea ni sehemu moja ya habari. Mwaka 2013 kundi la watafiti lililoongozwa na Carlos López-Otín lilitaja alama tisa za kuzeeka, na mwaka 2023 wakafikisha kumi na mbili: uharibifu wa DNA, protini zinazokunjika vibaya, mitokondria (majiko madogo ya seli yanayochoma chakula) zinazochoka, seli za shina (zile zinazozalisha seli mpya) zinazopungua, na nyinginezo.

Kwa nini tusinywe tu dawa ya kurefusha telomea?

Kwa sababu kuna seli zinazofanya hivyo tayari, na zinaitwa saratani. Sehemu kubwa ya saratani, karibu asilimia 85 hadi 90, huiwasha telomerasi ili zigawanyike bila kikomo. Seli zilizochukuliwa kwenye uvimbe wa mgonjwa wa saratani, Henrietta Lacks, mwaka 1951 zinagawanyika hadi leo katika maabara za dunia nzima, miongo mingi baada yake kufariki, na telomerasi ni sehemu ya siri ya seli hizo. Breki iliyoizeesha seli yako ndiyo breki iliyoizuia isigeuke uvimbe. Nikiona tangazo la kidonge cha "kuamsha telomerasi", hilo ndilo ninalolifikiria kwanza, na ningeomba nawe ulifikirie.

Nimeona wanauza kipimo cha umri wa seli. Kina maana?

Kina maana kwa watafiti wanaolinganisha makundi ya watu. Kipimo kinachosifika zaidi kinasoma alama za kemikali zilizobandikwa juu ya DNA. Steve Horvath alichapisha chake mwaka 2013, kikitumia sehemu 353 za DNA, na kinakisia umri wa mtu kwa ukaribu wa kushangaza. Lakini kwa mtu mmoja anayetaka kujua kama mboga alizokula mwezi huu zimemsaidia, matokeo hupanda na kushuka kutoka sampuli moja hadi nyingine, na vipimo viwili tofauti vinaweza kumpa majibu mawili yasiyolingana.

Ukiniuliza upime nini, nitakutajia vitu vya kawaida ambavyo vina ushahidi mkubwa zaidi: shinikizo la damu, sukari, lehemu, mzunguko wa kiuno, mwendo wako wa kutembea, na kama unaweza kuinuka kwenye kiti bila kujishika.

Ni kweli kwamba kula kidogo kunarefusha maisha?

Kwa panya, ndiyo. Mwaka 1935 Clive McCay wa Chuo Kikuu cha Cornell alionyesha kuwa panya waliopunguziwa chakula, lakini wakapewa vitamini na madini ya kutosha, waliishi muda mrefu kuliko wenzao walioshiba. Tangu hapo jambo hilo limerudiwa kwa hamira, minyoo, nzi na panya wa aina nyingi.

Kwa nyani aina ya rhesus hadithi inapinda kidogo, na mpindo wenyewe una mafunzo. Tafiti mbili ndefu zilifanywa Marekani. Ile ya Wisconsin iliripoti mwaka 2009 kwamba nyani waliokula kidogo walipungukiwa na magonjwa ya uzee na vifo vitokanavyo nayo. Ile ya Taasisi ya Taifa ya Uzee iliripoti mwaka 2012 kwamba hakuna tofauti ya urefu wa maisha. Watafiti wa pande zote mbili walipokaa pamoja na kulinganisha data, mwaka 2017, waliona kwamba nyani wa kulinganishia wa Wisconsin walikuwa wakila watakavyo chakula chenye sukari nyingi, wakati wale wa upande wa pili walikuwa na chakula bora zaidi na kipimo kisichozidi. Kwa maneno mengine, aliyekuwa akila vibaya alinufaika sana kwa kupunguza, na aliyekuwa akila vizuri tayari hakuwa na mengi ya kuongeza. Mimi nauona huo kuwa ujumbe muhimu kuliko namba zote.

Kwa binadamu tuna jaribio liitwalo CALERIE. Watu wazima wasio wanene kupindukia waliombwa wapunguze kalori kwa asilimia 25 kwa miaka miwili. Waliweza kama asilimia 12. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kasi ya kuzeeka, kwa kipimo kimoja cha damu, ilipungua kwa asilimia 2 hadi 3. Vipimo vingine viwili havikuonyesha badiliko. Presha na lehemu zao zilishuka, na hilo ni jema bila ubishi. Lakini pia walipoteza kiasi fulani cha msuli na uzito wa mifupa. Mtu mwenye mwili mwembamba, mwenye umri mkubwa, mjamzito, au aliyewahi kupata tatizo la kujinyima chakula, asijaribu njia hii.

Na kufunga kula kwa saa 16? Si ndiko kunakosafisha seli?

Seli ina mfumo wa kujisafisha kweli. Inazungushia utando vipande vyake vilivyochakaa, inavivunja, kisha inatumia tena malighafi yake. Mfumo huo unaitwa otofaji, na Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuufafanua, kazi aliyoianza kwenye hamira. Njaa huuamsha. Mazoezi pia.

Mtandaoni utaambiwa kwamba otofaji huanza saa fulani kamili ya mfungo, kana kwamba kuna swichi. Haiendi hivyo: inaendelea muda wote, ikipanda na kushuka, na kila kiungo kina mwendo wake. Kuhusu uzito, jaribio lililochapishwa mwaka 2022 kwa watu 139 wenye unene lililinganisha waliopunguza kalori tu na waliopunguza kalori hizohizo ndani ya dirisha la saa nane kwa siku. Baada ya mwaka mmoja tofauti haikuwa ya maana. Basi kama kufunga kunakusaidia usile ovyo usiku, kufunga ni chombo kizuri kwako. Kama kunakufanya ule mara tatu zaidi jioni, kiache. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asianze kabla ya kuzungumza na daktari, kwa sababu sukari ikishuka ghafla inaweza kumwangusha, na hata kumuua.

Ni vyakula gani basi vinavyopunguza kasi?

Hakuna chakula kimoja. Najua jibu hilo linakatisha tamaa, ila tazama ushahidi wenyewe ulivyo. Jaribio kubwa la lishe liitwalo PREDIMED lilifanywa Hispania kwa watu zaidi ya 7,400 waliokuwa katika hatari ya ugonjwa wa moyo. Waliopewa mlo wenye mafuta ya zeituni au njugu za miti kama lozi, mboga nyingi, matunda, jamii ya kunde na samaki, walipata mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo pungufu kwa karibu asilimia 30. Makala ya kwanza ya mwaka 2013 iliondolewa kwa sababu ya kasoro katika namna baadhi ya washiriki walivyogawanywa, ikachapishwa upya mwaka 2018 baada ya uchambuzi mpya, na matokeo yakabaki karibu yaleyale. Kilichofanya kazi pale ni mlo mzima.

Nikufafanulie utaratibu mmoja kwa undani, kwa sababu ukiuelewa huu mengine yanajieleza. Umewahi kuuangalia mkate ukikaushwa motoni? Ule ukoko wa kahawia unaotokea juu ni sukari zikijishikiza kwenye protini. Ndani ya mwili jambo la jinsi hiyohiyo hutokea polepole, kwa joto la mwili tu. Sukari iliyo kwenye damu hujibandika kwenye protini, na baada ya muda huzifunga mbili mbili kama pingu. Kolajeni, protini inayoshikilia mishipa na ngozi, inakuwa ngumu, lenzi ya jicho inafifia. Kipimo cha HbA1c anachopimwa mgonjwa wa kisukari kinahesabu hasa hilo: ni asilimia ngapi ya hemoglobini yake, protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, imebandikwa sukari. Na kwa kuwa seli nyekundu huishi siku 120 hivi, kipimo hicho kinakumbuka miezi miwili hadi mitatu iliyopita, hata kama jana ulijitahidi.

Kutokana na hapo utaona kwa nini nafaka isiyokobolewa, kunde na mboga zina maana: nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na bakteria wa utumbo huzigeuza kuwa asidi zinazotuliza inflamesheni. Utaona pia kwa nini vinywaji vyenye sukari ndivyo vya kwanza kuondoka mezani. Ukiniruhusu nikuchagulie badiliko moja tu la chakula, ni hilo.

Tusisahau protini. Wenye umri zaidi ya miaka 65 mara nyingi hula kidogo mno, na msuli unaisha kimyakimya. Wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye anahitaji kiwango chake mwenyewe kutoka kwa anayemtibu.

Vidonge vya antioksidanti je?

Hapa nitasema kwa msisitizo. Mwaka 1956 Denham Harman alipendekeza kwamba tunazeeka kwa sababu ya radikali huru, chembe kali zinazozalishwa seli inapotumia oksijeni. Wazo lilikuwa zuri, na hitimisho lilionekana wazi: meza vitu vinavyozizima. Likajaribiwa. Huko Finland wanaume 29,133 wavutaji sigara walipewa beta-karotini, vitamini E, vyote viwili, au kidonge kisicho na dawa. Matokeo ya mwaka 1994 yaliwashtua watafiti wenyewe: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Jaribio jingine Marekani lilisimamishwa kabla ya wakati mwaka 1996 kwa sababu hiyohiyo.

Ilikuwaje? Sehemu ya maelezo ni kwamba seli inazitumia radikali huru kama kengele. Unapofanya mazoezi zinaongezeka, seli inasikia kengele na kujenga ulinzi wake yenyewe. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba vijana waliomeza vitamini C na E kwa viwango vikubwa wakati wa wiki nne za mazoezi walikosa faida ambayo wenzao waliipata, ya mwili kuitikia insulini vizuri zaidi. Kengele ilizibwa. Karoti na machungwa havina shida hiyo. Shida ni kile kiini kilichotolewa kwenye tunda na kuwekwa kwenye kidonge kwa kipimo ambacho hakuna mlo unaoweza kukifikia.

Resveratroli, NMN, kolajeni, omega-3?

Resveratroli, kemikali inayopatikana kwenye ngozi ya zabibu: ilivuma sana, kampuni iliyokuwa ikiiendeleza ilinunuliwa mwaka 2008 kwa dola milioni 720 za Marekani, na haikurefusha maisha ya panya wa kawaida ilipojaribiwa kwa uangalifu. NMN na jamii yake: zinapandisha kwenye damu kiwango cha NAD, molekuli ambayo seli huitumia kutengeneza nishati, lakini kwamba binadamu anazeeka polepole zaidi kwa kuzimeza halijathibitishwa. Kolajeni: humeng'enywa kama protini nyingine yoyote.

Omega-3 ina ushahidi kiasi. Katika jaribio la DO-HEALTH lililofanywa Ulaya kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, uchambuzi wa mwaka 2025 ulionyesha kwamba gramu moja kwa siku kwa miaka mitatu ilipunguza kuzeeka kwa kibaolojia kwa kiasi cha miezi mitatu hadi minne, kwa baadhi ya vipimo. Ni miezi, katika miaka mitatu. Anayekula samaki wenye mafuta mara mbili kwa wiki yuko mahali pazuri tayari.

Mazoezi yanaifikiaje seli?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na natamani lingeulizwa kabla ya yale ya vidonge.

Msuli unapofanya kazi, nishati ndani ya seli inapungua, na seli inaona upungufu huo. Inaitikia kwa kujenga mitokondria mpya, yale majiko madogo yanayochoma chakula, na kwa kuyavunja yaliyochakaa. Msuli unavuta sukari kutoka kwenye damu hata bila insulini nyingi, hivyo ule ubandikaji wa sukari niliouelezea unapungua. Unatoa pia kemikali zinazotuliza inflamesheni mwili mzima. Hakuna kidonge kinachofanya yote hayo kwa pamoja.

Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti mdogo ambao bado naurudia kila nipatapo nafasi. Waliwachukua wakazi kumi wa nyumba ya kulelea wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90, wakawafanyisha mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane. Nguvu ya waliomaliza iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka tisini! Seli za msuli ambazo kila mtu alidhani zimeshakata tamaa zilikuwa zinasubiri kazi.

Nimeliona nyumbani. Mama yangu, akiwa na miaka 68, alikuwa akiinuka kwenye kiti kwa kusukuma mikono yote miwili na kusema "bismillahi" kabla ya kuanza. Tulianza na kiti hichohicho: kukaa na kuinuka mara tano, asubuhi na jioni, mikono ikiruhusiwa. Wiki ya tatu mkono mmoja. Wiki ya saba aliinuka mikono imekumbatia kifua, akasimama pale katikati ya sebule akanitazama, kisha akakaa tena ili ahakikishe haikuwa bahati. Sikumpima telomea. Sikuona haja.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, na mazoezi ya kujenga msuli angalau siku mbili. Kwa wenye miaka 65 na zaidi, mazoezi ya usawa wa mwili siku tatu, kwa sababu anguko moja linaweza kufuta kazi ya miaka. Ukiwa na ugonjwa wa moyo, maumivu ya kifua au kizunguzungu, anza kwa kumwona daktari.

Msongo wa mawazo na kukosa usingizi vinaweza kweli kugusa seli?

Ndiyo. Mwaka 2004 Elissa Epel na Elizabeth Blackburn walichapisha utafiti wa akina mama, wengi wao wakiwa wanalea watoto wenye magonjwa sugu. Waliokuwa na msongo mkubwa zaidi walikuwa na telomea fupi zaidi. Utafiti wa aina hiyo unaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, hautoshi kuthibitisha kwamba moja limesababisha jingine, lakini unaendana na tunachokijua kuhusu homoni za msongo na inflamesheni.

Ninapousoma, akili yangu haiendi kwenye telomea. Inakwenda kwa yule mama. Kumwambia "punguza mawazo" ni kumwongezea mzigo. Anachohitaji ni mtu wa kumpokea mtoto kwa saa mbili ili alale. Watu wazima wengi wanahitaji saa saba au zaidi za usingizi kwa usiku. Anayekoroma sana na kuamka amechoka achunguzwe, maana huenda pumzi yake inakatika usingizini, na tatizo hilo lina tiba.

Sigara na pombe?

Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50. Ripoti ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba wavutaji walikufa wastani wa miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijipatia miaka 3 hivi. Akiwa na 50, miaka 6. Akiwa na 40, miaka 9. Akiwa na 30, karibu yote 10. Hakuna lishe, mfungo wala kirutubisho chenye namba za kukaribia hizo.

Pombe huvunjwa na mwili kuwa asetaldehidi, kemikali inayoharibu DNA moja kwa moja. Kidogo ni bora kuliko nyingi, na kutokunywa ni bora kuliko kidogo.

Jua linazeesha ngozi kiasi gani?

Kuna picha iliyochapishwa na jarida la kitabibu mwaka 2012: dereva wa lori wa miaka 69 aliyeendesha kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa ukitazama dirisha, ngozi imenenepa, imekunjamana na kuning'inia. Upande wa kulia ni wa mtu anayeonekana mdogo kwa miaka mingi. Mtu mmoja, jeni zilezile, mlo uleule, usingizi uleule. Miale ya jua iitwayo UVA hupenya kioo cha dirisha na kufika kwenye kolajeni. Huko Australia, jaribio la miaka minne na nusu lilionyesha kwamba waliopaka losheni ya kukinga jua kila siku ngozi yao ilizeeka kwa asilimia 24 pungufu kuliko waliopaka wapendapo. Kofia pana hugharimu kidogo, na kivuli hakigharimu kitu.

Si yote haya ni urithi tu?

Tafiti za mapacha nchini Denmark zilikadiria kwamba jeni zinaeleza karibu robo ya tofauti za urefu wa maisha kati ya watu. Kwa wanaovuka miaka 100 mchango wa jeni unaonekana kuwa mkubwa zaidi. Jeanne Calment wa Ufaransa aliishi miaka 122 na siku 164, na watu husema alivuta sigara maisha yake karibu yote. Usijipime naye. Yeye ni mmoja.

Kuna dawa ya hospitali inayopunguza kuzeeka kwa seli?

Hakuna iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Rapamaisini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa Kisiwa cha Pasaka, ilirefusha maisha ya panya kwa asilimia 14 kwa majike na 9 kwa madume katika utafiti wa mwaka 2009, ingawa walianza kuipewa wakiwa wazee tayari. Ni dawa inayokandamiza kinga, na hutumiwa na waliopandikizwa figo. Metformini ya kisukari inachunguzwa. Zipo pia dawa zinazolenga kuziua seli zilizozeeka: mwaka 2011 watafiti wa Mayo Clinic waliziondoa seli hizo kwa panya walioumbwa wazeeke haraka, na mtoto wa jicho pamoja na kuisha kwa msuli vikachelewa. Kati ya matumaini haya yote, hilo la mwisho ndilo ninalolifuatilia kwa karibu zaidi. Lakini mtu asijinunulie dawa hizi kwa siri. Mojawapo inayotumika katika majaribio hayo ni dawa ya saratani ya damu.

Nikianza kula vizuri na kufanya mazoezi, naweza kuacha dawa zangu za presha au kisukari?

Tafadhali usiziache. Swali hili naulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na mtu ambaye ameshaacha. Presha iliyo juu inachakaza mishipa ya ubongo na figo kila dakika, bila maumivu, na dawa inayoishusha inazilinda seli za mishipa hiyo kwa ushahidi ambao hakuna kirutubisho kinachoufikia. Kuimeza ni sehemu ya kupunguza kasi ya kuzeeka, kama ilivyo kutembea na kula mboga. Inawezekana kabisa kwamba baada ya miezi kadhaa ya uzito kupungua na mwili kufanya kazi, dozi yako itakuwa kubwa kupita mahitaji. Dalili yake inaweza kuwa kizunguzungu unapoinuka au sukari inayoshuka chini. Andika vipimo vyako vya nyumbani kwenye daftari, tarehe na saa, nenda nalo kliniki, liweke mezani, na dozi ipunguzwe na anayekutibu akiwa anaziangalia namba hizo pamoja nawe.